Karakana Kwanza, Nyota Baadaye: Wafaransa, Stockholm na Kazi ya Sinema ya Mwanzo

Mwaka 1912 mwongozaji wa Kifaransa, Paul Garbagni, alitengeneza filamu jijini Stockholm kwa niaba ya kampuni ya Pathé. Iliitwa I lifvets vår, na hadithi yake ilitoka katika riwaya ya Mswidi August Blanche. Ukiwatoa watafiti wa sinema, ni wachache mno wanaomkumbuka Garbagni, na hata hao watafiti humtaja zaidi kwa sababu ya wanaume watatu aliowapa nafasi za kuigiza: Victor Sjöström, Mauritz Stiller na Georg af Klercker. Wote watatu walikuwa wametoka jukwaani, wote walikuwa wageni katika ajira ya kampuni ya Svenska Bio, na wote walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kuongoza filamu. Haikupita miaka kumi, wawili wa kwanza wakawa wanasifiwa Paris kama mabingwa wa sanaa mpya. Wa tatu alisahauliwa kwa miongo mingi. Na Mfaransa aliyewaelekeza mbele ya kamera akabaki jina katika orodha. Jibu jepesi ni kwamba kila mmoja alipata alichostahili kwa kipaji chake. Jibu hilo linapendwa kwa sababu linafurahisha, lakini ushahidi wa Stockholm unaelekea kwingine: katika miaka ile ya mwanzo, maisha ya kikazi ya mtu wa sinema yalibebwa na kampuni iliyomwajiri, na sifa yake baada ya kifo ikabebwa na ghala lililotunza filamu zake. Kipaji kilihitajika, ndiyo, lakini peke yake hakikumfikisha mtu mbali.

Tuanze na Wafaransa, maana bila wao habari ya Stockholm haieleweki. Ndugu Lumière walionyesha filamu zao kwa umma mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, na chombo walichokiuza kilikuwa na sifa moja ya ajabu: kisanduku hichohicho kilipiga picha, kikachapa nakala, kikaonyesha ukutani. Mtu mmoja aliyefundishwa vizuri aliweza kutumwa popote duniani na kurudi na filamu. Mmoja wa waliotumwa kwa kazi hiyo, Alexandre Promio, alifika Stockholm mwaka 1897 wakati wa maonyesho makubwa ya sanaa na viwanda katika kisiwa cha Djurgården. Alimpiga picha Mfalme Oscar II akiwasili, na akapiga pia igizo fupi la ugomvi katika mtaa wa bandia uliojengwa kuonyesha Stockholm ya kale. Maonyesho ya filamu yaliendeshwa na mfanyabiashara wa vifaa vya picha, Numa Peterson, na mpiga picha Mswidi Ernest Florman akaingia katika kazi hiyohiyo. Mwezi Julai mwaka ule alimpiga Mfalme wa Siam akishuka mashuani ngazini mwa jumba la kifalme. Ujuzi ulivuka hivyo, kutoka mkono hadi mkono, kwa mtu kuona mwenzake akizungusha mkono wa kamera, akiosha utepe, akiunganisha vipande. Shule ya sinema haikuwapo. Kampuni ndiyo iliyokuwa shule.

Ndani ya Ufaransa kwenyewe mambo yalikuwa vivyo hivyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Pathé, iliyoanzishwa mwaka 1896, ilijenga studio na viwanda huko Vincennes na Joinville, na kabla ya vita ya 1914 filamu zake zilikuwa zikionyeshwa karibu kila mji uliokuwa na ukumbi. Watu waliozitengeneza hawakuwa na majina kwa watazamaji. Utepe ulibeba nembo ya jogoo, basi. Mwongozaji alikuwa mtumishi wa kiwanda kama fundi wa mashine; mpaka rangi alikuwa mwanamke aliyeinama juu ya meza akipaka picha ndogo kama kucha, moja baada ya nyingine. Karakana ya Élisabeth Thuillier mjini Paris, iliyopaka rangi filamu za Georges Méliès, iliajiri wanawake wapatao mia mbili, na kati yao wote jina lililobaki kwetu ni lake mwenye karakana. Alice Guy aliingia kampuni ya Gaumont kama katibu, akaomba ruhusa ya kujaribu filamu ya hadithi mwaka 1896, na kwa muongo mmoja akasimamia utengenezaji wa filamu wa kampuni nzima. Alipoondoka mwaka 1907 kiti chake kilikaliwa na Louis Feuillade, na baadaye filamu zake kadhaa zikaandikwa kwa majina ya wanaume. Méliès, aliyetengeneza Le Voyage dans la Lune mwaka 1902 kwa fedha zake na katika studio yake, hakuwa na kampuni kubwa ya kumkinga soko lilipobadilika. Aliishia kuuza vitu vya kuchezea watoto katika stesheni ya Montparnasse. Max Linder tu, mchekeshaji aliyeanza na Pathé mwaka 1905, ndiye aliyevunja ukuta wa kutojulikana mapema, na jina lake likauza tiketi hadi Urusi. Lakini angalia ni nani aliyelifikisha huko: mtandao wa matawi wa Pathé.

Stockholm iliingia katika mchezo huu ikiwa nyuma. Svenska Bio ilianzishwa mwaka 1907 katika mji mdogo wa Kristianstad, kusini mwa nchi. Charles Magnusson, ambaye naye alikuwa amewahi kupiga picha za habari, alishika uongozi mwaka 1909, akaihamishia kampuni karibu na mji mkuu na kujenga studio yenye vioo katika kisiwa cha Lidingö. Mwaka 1912 watu wake walikwenda Paris kujionea studio za Pathé zinavyofanya kazi, na Pathé nayo ikaja Stockholm na Garbagni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Wafaransa walitaka hadithi za Kiskandinavia na soko la kaskazini, Waswidi wakapata darasa bila kulipia ada. Jambo ambalo Magnusson alilifanya vizuri kuliko wengi ni lile lisilosisimua hata kidogo kulisimulia. Aliwaajiri watu kwa mkataba na akawaweka pamoja. Sjöström na Stiller waliongoza na kuigiza. Ndugu wawili, Julius na Henrik Jaenzon, walishika kamera. Mafundi wa mandhari na wa maabara walikuwa walewale msimu baada ya msimu. Waigizaji walitoka katika majumba ya tamthilia ya Stockholm, ambako walifanya kazi majira ya baridi, kisha wakaja kwenye filamu majira ya joto, wakati jua la kaskazini linapochelewa sana kutua na kamera inapata mwanga wa kutosha. Mpango huo ulimwezesha mwigizaji kula mwaka mzima. Wasomaji wanaojua jinsi wasanii wetu wanavyoishi kati ya kazi moja na nyingine wataelewa kwa nini ninaupa uzito.

Ukitaka kuona ilikuwaje kwa aliyekosa mpango kama huo, mtazame Anna Hofman-Uddgren. Alikuwa msimamizi wa kumbi za burudani Stockholm, na ndiye mwanamke wa kwanza nchini humo kuongoza filamu. Mwaka 1912, mwaka uleule wa Garbagni, zilitoka filamu zake mbili zilizotokana na tamthilia za August Strindberg, Fröken Julie na Fadren, kwa idhini ya Strindberg mwenyewe, aliyefariki Mei mwaka ule. Kwa kuchagua mwandishi huyo alikuwa ametangulia mbele ya wenzake wa Svenska Bio, ambao bado walikuwa wakihangaika na mikasa ya sarakasi na wizi. Ila nyuma yake alikuwa na mwenye ukumbi mmoja tu. Hakukuwa na studio ya kudumu wala timu ya kumngoja filamu ijayo, na baada ya hapo hakuongoza tena. Fröken Julie imepotea. Fadren ipo, na ukiitazama unaona kamera iliyosimama mbali kama mtazamaji wa safu ya kati. Lakini filamu za kwanza za Sjöström nazo hazikuwa na kamera yenye kuthubutu zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba Sjöström alipewa nafasi ya kukosea mara nyingi.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo ni zito: je, si kweli kwamba Sjöström na Stiller walikuwa na vipaji visivyo vya kawaida? Kweli kabisa. Lakini tuhesabu walivyofika huko. Filamu ya kwanza ya Sjöström, Trädgårdsmästaren, ilipigwa marufuku mwaka 1912 na ofisi ya serikali ya ukaguzi wa filamu, iliyokuwa imeanza kazi mwaka mmoja tu kabla. Mtu anayejitegemea angefilisika hapohapo. Svenska Bio iliimeza hasara na kumpa filamu nyingine, kisha nyingine. Mwaka 1913 akatoa Ingeborg Holm, habari ya mjane wa mwenye duka anayetupwa katika nyumba ya maskini na kunyang'anywa watoto wake, filamu iliyozua mjadala mkali juu ya namna nchi inavyowatendea fukara. Baada ya hapo alirudi kwenye filamu za kawaida za kujaza kumbi, nyingi tu, hadi mwaka 1917 alipotengeneza Terje Vigen, iliyogharimu fedha nyingi kuliko desturi na kuifanya kampuni iamue kutoa filamu chache lakini za gharama. Kwa maneno mengine, miaka mitano ya mshahara ilitangulia kabla ya ubingwa. Na ubingwa wenyewe haukuwa wa mtu mmoja. Körkarlen, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza siku ya mwaka mpya wa 1921, ilitokana na riwaya ya Selma Lagerlöf, na Sjöström aliiongoza na kuigiza humo kama mlevi David Holm. Kinachokumbukwa zaidi ni mizuka: kigari cha mauti kikipita juu ya maji, roho ikiinuka na kuuacha mwili. Julius Jaenzon alizipata picha hizo kwa kuurudisha utepe nyuma ndani ya kamera na kuupiga tena, safu juu ya safu. Kamera ikizungushwa kwa mkono, kila safu ilipaswa kwenda kwa kasi ileile ya safu iliyotangulia, la sivyo mzuka ungekimbia huku chumba kikitembea polepole. Kazi hiyo haiwezekani kwa wageni waliokutana asubuhi. Inahitaji watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka hadi mmoja anajua mwenzake ataugeuza uso lini.

Pingamizi la pili linasema kwamba bahati ya Stockholm ilikuwa vita. Uswidi haikupigana, Ufaransa ilipigana. Mwezi Agosti 1914 waigizaji na mafundi wa Paris waliitwa jeshini, studio zikafungwa, majengo ya Pathé yakageuzwa kwa mahitaji ya vita, Linder mwenyewe akaenda vitani. Soko lililokuwa la jogoo wa Vincennes likabaki na pengo. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Vita ilifungua mlango, ila haielezi ni nani aliyeweza kuingia. Norwei na Uholanzi nazo hazikupigana, na hakuna sinema ya Norwei ya mwaka 1917 iliyotikisa dunia. Denmaki haikupigana, na kampuni yake ya Nordisk ilikuwa kubwa kuliko Svenska Bio. Lakini Nordisk ilikuwa imejifunga mno na soko la Ujerumani, na mwaka 1917 mali zake huko zilipoingizwa katika kampuni mpya ya Ufa, ikaanza kuporomoka. Waliofaidi pengo ni wale waliokuwa tayari na watu waliofundishwa na mkurugenzi aliyekubali kutumia fedha pale wenzake walipobana. Na vita ilipokwisha, Paris ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukiri: mhakiki Louis Delluc aliwasifu Waswidi mbele ya Wafaransa wenzake kama watu wa kujifunza kwao. Mwaka 1939 Julien Duvivier akaitengeneza upya Körkarlen kwa Kifaransa.

Svenska Bio iliungana na kampuni ya Skandia mwaka 1919 na kuwa Svensk Filmindustri, na studio mpya ikajengwa Råsunda, kaskazini kidogo ya jiji. Muda si muda Hollywood ikaanza kuwaita watu wake, na hapa ndipo wengine watanikumbusha Greta Garbo. Msichana wa Stockholm, mfanyakazi wa duka kubwa la PUB, anachaguliwa na Stiller kutoka shule ya uigizaji, anacheza katika Gösta Berlings saga mwaka 1924, mwaka unaofuata anavuka bahari na dunia inamwinamia: je, huyu si nyota aliyezaliwa nyota? Kwangu mimi Garbo ni ushahidi wa upande wa pili. Shirika lililomfanya awe Garbo lilikuwa MGM, lenye mafundi wa taa, washonaji, watangazaji na wapiga picha wake wa kudumu. Anayefundisha zaidi ni yule aliyesafiri naye. Stiller alikuwa mwongozaji mwenye jina kubwa kuliko mwanafunzi wake, lakini alizoea kufanya kazi kwa namna ya Lidingö na Råsunda, akibadili mambo papo kwa papo pamoja na watu waliomwelewa. MGM ilimwondoa katikati ya utengenezaji wa The Temptress. Alirudi nyumbani mwaka 1927 na akafariki Stockholm mwaka uliofuata akiwa na miaka 45. Sjöström, aliyetangulia Marekani mwaka 1923, alikubali taratibu za kiwanda kipya, hata jina lake likaandikwa Seastrom, akatengeneza He Who Gets Slapped na The Wind. Watu wawili wenye vipaji vya kulinganishwa, mji mmoja, kampuni moja nyuma yao; mmoja akapata karakana nyingine, mwenzake akaikosa. Nisizidishe: tabia nayo ilichangia, maana Stiller hakuwa mtu rahisi. Ila tabia hiyohiyo Stockholm ilikuwa imeizoea na kuifanyia nafasi.

Bado kuna ghala, na ndilo linalonifanya nisiiamini kabisa orodha yoyote ya mabingwa. Filamu za wakati ule zilipigwa kwenye utepe wa nitrati, unaoshika moto kwa urahisi na kuoza usipotunzwa. Septemba 1941 ghala la Svensk Filmindustri huko Vinterviken, mahali ambapo Alfred Nobel aliwahi kutengenezea baruti yake, lililipuka, na negativu za filamu nyingi za Sjöström na Stiller zikateketea. Tangu hapo tunamjua Sjöström wa miaka ya mwanzo kwa vipande tu. Trädgårdsmästaren ilipatikana mwaka 1979 katika maktaba ya taifa ya Marekani; Judaspengar ya mwaka 1915 iliibuka mwaka 2017 katika hifadhi ya filamu ya Ufaransa, nchi ambayo Waswidi walikuwa wameiuzia nakala. Af Klercker naye alikuwa ameondoka Svenska Bio, akaongoza zaidi ya filamu ishirini huko Göteborg kwa kampuni ya Hasselblad katika muda wa miaka mitatu hivi, kisha Hasselblad ikamezwa katika miungano na yeye akabaki bila studio. Filamu zake nyingi zimesalimika. Zilipoonyeshwa tena miaka ya 1980, wahakiki walishangazwa na ufundi wake wa mwanga na milango, jinsi alivyoweka matukio mawili katika vyumba viwili ndani ya picha moja. Ingmar Bergman akaandika tamthilia juu ya af Klercker akienda kumwomba Magnusson kazi. Kama moto wa 1941 ungechagua rafu nyingine, huenda vitabu vingempanga mahali tofauti.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya karibu zaidi ya kulijali suala hili la majina. Mpiga picha Oskar Olsson wa Svensk Filmindustri alizunguka pande zetu na kamera, na mwaka 1921 kumbi za Stockholm zikaonyesha Bland vildar och vilda djur, filamu iliyowaita wenyeji washenzi katika jina lake na kuwapanga pamoja na wanyama wa porini. Alirudi tena na msafara wa Mwanamfalme Wilhelm, na filamu ya safari hiyo ikatoka mwaka 1922. Kamera ile, masanduku ya utepe na maji ya kuoshea picha vilibebwa na watu vichwani. Wapagazi, wapishi, wakalimani na waongozaji wa njia walikuwa sehemu ya kikosi cha utengenezaji kama alivyokuwa fundi wa taa Råsunda. Tofauti ni kwamba fundi wa taa alikuwamo katika daftari la mishahara la kampuni, na mpagazi alilipwa na kiongozi wa msafara na kuachwa njiani. Mtafiti atakayechimba kumbukumbu za safari hizo Nairobi, Stockholm na kwingineko atakuwa anaandika historia ya sinema, si historia ya uwindaji tu.

Kwa anayetaka kujipima mwenyewe dhidi ya hoja hizi, filamu mbili zinatosha kuanzia: Ingeborg Holm na Körkarlen, na zote mbili zipo. Katika ya kwanza mtazame Hilda Borgström, mwigizaji wa jukwaani aliyeanza kama mcheza baleti, anavyokitikisa kipande cha ubao akidhani ni mtoto wake. Kamera ilishikwa na Henrik Jaenzon. Katika ya pili utamwona Sjöström. Nduguye Henrik, Julius, yuko nyuma ya kila mzuka.